Daraja la Majani: Tunachoweza Kujifunza kwa Watu wa Canas, Peru

Mazungumzo yaliyotolewa na mmoja wa wahamasishaji wetu wa amani mbele ya familia zilizohama makwao, familia zilizowapokea na viongozi wa vijiji.

 

Najua wengi mmekuja kusikia habari ya kilalo chetu kilichochukuliwa na maji. Nitafika huko, siwezi kuikwepa. Tangu kilipoanguka, katika daftari langu yameandikwa maneno ya namna mbili. Wenyeji wanasema: "Waliohama ndio waliokichosha kwa mizigo ya kuni na makaa, basi wakitengeneze wao." Waliohama wanasema: "Sisi ni wageni, kilalo si chetu, shirika litakuja kukitengeneza." Na mimi pia nina kosa langu. Nilisimama mbele yenu nikasema mradi umeandikwa. Uliandikwa kweli, lakini jibu halijafika hadi leo, nami sikurudi kuwaambia. Mkaendelea kungoja kwa sababu ya neno langu. Kwa hilo naomba msamaha.

Leo naomba niwapeleke mbali kidogo, ng'ambo ya bahari, mpaka wilaya moja ya milimani iitwayo Canas, katika nchi ya Peru. Mimi sijafika huko. Niliyo nayo ni ya kusoma tu, tangu nilipokuwa chuo kikuu. Lakini kila ninaposoma habari za watu hao naona sura zenu.

1. Nchi iliyo juu

Peru iko Amerika ya Kusini, kando ya bahari ya Pasifiki. Katikati yake inapita milima mirefu iitwayo Andes. Canas ni wilaya ya mkoa wa Cusco, yenye tarafa nane na eneo la kilomita za mraba 2,100 hivi. Sensa ya 2017 ilihesabu huko watu zaidi kidogo ya 30,000. Makao makuu yake ni mji mdogo wa Yanaoca, ulio kwenye kimo cha mita 3,900 hivi.

Mita 3,900 ni kimo gani? Wale waliotoka Goma na Nyiragongo watanielewa upesi. Kilele cha Nyiragongo, pale moto unapotoka, kina mita 3,470. Basi watu wa Yanaoca wanalala, wanapika na kupeleka watoto shuleni mahali palipo juu kuliko kilele kile. Miti ni michache. Kuna nyasi ngumu, mawe, upepo, na baridi kali mwezi wa Juni na Julai. Wanafuga kondoo, ng'ombe, na wanyama wa kwao, lama na alpaka, wanaowapa manyoya ya kufuma nguo.

Chakula chao kikubwa ni viazi. Sisi tunaviita viazi ulaya, lakini jina hilo linatudanganya, maana havikuanzia Ulaya. Vilianzia katika milima hiyo ya Andes. Wazee wa watu hao ndio waliovitoa porini na kuvifanya chakula, miaka elfu nyingi iliyopita. Mkulima wa Masisi au wa Lubero anayepanda viazi leo amerithi kazi ya mababu wasiomfahamu. Mihogo na karanga zetu nazo zilitoka katika bara hilohilo la Amerika ya Kusini.

Tena wana akili ya kuhifadhi. Wakati wa baridi wanatandaza viazi nje usiku ili vigande. Mchana jua linapoviyeyusha, wanavikanyaga kwa miguu mpaka maji yatoke, kisha wanavianika. Vikikauka vinaitwa chuño, na vinaweza kukaa miaka bila kuoza. Baridi inayowatesa wameifanya ghala. Mama aliyewahi kukimbia usiku na kuacha shamba lililoiva anajua thamani ya chakula kinachobebeka na kisichooza.

Katika wilaya hiyo unapita mto Apurímac. Maji yake huteremka kutoka milimani na mwishoni yanafika mto Amazon. Kati ya mito yote ya dunia, Amazon ndio peke yake unaoupita mto wetu Kongo kwa wingi wa maji.

2. Watu na lugha yao

Watu wengi wa Canas wanasema lugha iitwayo Quechua. Wao wenyewe wanaiita Runasimi. Runa ni mtu, simi ni mdomo, au lugha. Yaani, lugha ya watu. Katika sensa ya 2017, zaidi ya watu milioni 3.7 nchini Peru walisema kwamba Quechua ndiyo lugha ya mama yao. Inasemwa pia Bolivia na Ekwado. Ilikuwa lugha ya ufalme wa Wainka, ufalme ulioangushwa na Wahispania baada ya kuingia kwao mwaka 1532.

Kwa miaka mingi aliyesema Quechua mjini alichekwa. Mahakama, shule na hospitali zilitumia Kihispania tu. Ni mwaka 1975 tu serikali ilipoitangaza Quechua kuwa lugha rasmi pamoja na Kihispania, na hata baada ya hapo dharau haikuisha. Wazazi wengi waliohamia mjini waliamua kutowafundisha watoto wao lugha hiyo ili wasichekwe. Wazazi mlio hapa, jiulizeni wenyewe: mtoto wenu aliyezaliwa katika hema anajua kumsalimu babu yake kwa lugha ya kwao?

Kijiji chao kinasimama juu ya kitu kiitwacho ayllu. Ni jamii ya watu wenye ardhi yao, mkutano wao na madaraka wanayopokezana. Kuna neno lingine, ayni. Leo mimi nakusaidia kulima shambani mwako, kesho wewe unakuja kwangu. Hakuna malipo ya pesa, lakini hakuna kusahau. Na kuna minka, kazi ya jamii nzima kwa faida ya wote, kama vile kuchimba mfereji au kutengeneza njia. Sisi tunayo salongo, na mama zetu wanayo likelemba. Kwa hiyo jambo hili si geni kwetu. Tofauti ni kwamba kwetu salongo mara nyingi imekuwa amri ya mkubwa, na asiyekuja anatozwa faini. Kwao, ayni ni deni la heshima kati ya jirani na jirani.

3. Watu waliochukuliwa kwenda migodini

Msifikiri hawa ni watu waliokaa kwa raha. Chini ya utawala wa Wahispania kulikuwa na kazi ya lazima iitwayo mita. Kila mwaka vijiji vya eneo hilo vilitoa wanaume wa kwenda kuchimba fedha katika mlima wa Potosí, ambao leo uko nchini Bolivia. Walisafiri kwa miguu, wengine pamoja na wake na watoto, na wengi hawakurudi. Sisi wa nchi ya dhahabu na koltani hatuhitaji mtu wa kutueleza maana ya hayo.

Kutoka eneo la Canas alitokea mtu aliyeitwa José Gabriel Condorcanqui, anayejulikana kwa jina la Túpac Amaru wa Pili. Alikuwa kiongozi wa jadi wa Surimana, Tungasuca na Pampamarca, na mfanyabiashara mwenye nyumbu wa kubeba mizigo. Mwaka 1777 alikwenda mpaka Lima kuomba watu wake waondolewe kazi ya Potosí. Hakusikilizwa. Mwezi wa Novemba 1780 alimkamata mtawala wa Kihispania, akamwua, na uasi mkubwa ukaanza. Mke wake, Micaela Bastidas, ndiye aliyesimamia chakula, barua na watu wa vita. Siku ya 16 Novemba 1780 Túpac Amaru alitangaza uhuru kwa watumwa watakaowaacha mabwana zao wa Kihispania, na kati ya watumwa wa Peru walikuwemo wana wa Afrika.

Vita vile vilimalizika kwa maumivu. Siku ya 18 Mei 1781 yeye, mke wake na watu wa jamaa yake waliuawa hadharani mjini Cusco. Kisha watawala wakapiga marufuku mavazi ya Kiinka na kuagiza lugha ya Quechua ifutwe. Lakini lugha hiyo haikufutika. Watu waliendelea kuisema jikoni na mashambani, nayo ipo mpaka leo.

4. Mawe ya Chiaraje

Nisiwafiche jambo. Katika wilaya hiyohiyo kuna desturi ya kupigana. Kwenye uwanda uitwao Chiaraje, hasa tarehe 20 Januari, watu wa Checca na Quehue hukutana na watu wa upande wa Langui na Layo wakarushiana mawe kwa kombeo. Inasemwa kwamba damu ikimwagika ardhi itazaa vizuri. Ni desturi ya zamani na ina mipaka yake: siku yake inajulikana, mahali pake panajulikana, na jioni watu wanarudi nyumbani. Hata hivyo watu wameumia, na wengine wamekufa.

Naitaja kwa sababu mbili. Ya kwanza, hakuna kabila la malaika duniani. Ya pili, si kila kilicho cha mababu kinastahili kushikwa jinsi kilivyo. Urithi unahitaji kupembuliwa kama mama anavyopembua maharagwe. Na sisi tunazo hadithi za mababu zinazofundisha ukarimu, na tunazo nyingine zinazotuambia kwamba jirani fulani ni nyoka. Watoto wetu wanasikia zote.

5. Daraja la Q'eswachaka

Sasa tufike mtoni. Katika tarafa ya Quehue, juu ya korongo la Apurímac, kuna daraja liitwalo Q'eswachaka. Chaka ni daraja, na q'eswa ni kamba iliyosokotwa. Urefu wake ni kama mita 28. Halina chuma, halina simenti, halina msumari. Lote limetengenezwa kwa nyasi.

Nyasi zinachakaa. Kwa hiyo kila mwaka, mwezi wa Juni, daraja la zamani linaondolewa na jipya linafumwa. Kazi hiyo inafanywa na jamii nne: Huinchiri, Chaupibanda, Choccayhua na Ccollana Quehue. Tazameni jinsi wanavyogawana kazi.

Kwanza, kila kaya inakata nyasi ziitwazo q'oya, inazilainisha na kusokota kamba nyembamba nyumbani kwake. Mama, binti na bibi wanasokota. Siku ya kazi kila kaya inaleta sehemu yake. Kamba moja ya namna hiyo haiwezi kubeba hata mbuzi.

Siku ya kwanza wanaanza na sala na sadaka kwa milima na kwa ardhi, kisha kamba nyembamba zinaunganishwa na kusokotwa kuwa nene, na zile nene kuwa nene zaidi. Kamba kubwa nne zinakuwa sakafu, mbili zinakuwa mahali pa kushikia. Watu wanazivuta kwa nguvu za wote mpaka zikaze. Daraja la zamani linakatwa, linaanguka mtoni, na maji yanalichukua. Halafu mafundi, ambao kazi hii wameirithi kwa baba zao, wanafuma kando za daraja. Timu moja inaanzia ng'ambo hii, nyingine inaanzia ng'ambo ile, na wanakutana katikati, juu ya maji. Mwisho kuna ngoma na chakula.

Karibu na hapo lipo daraja la chuma ambalo magari yanapita. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza: kwa nini wanajisumbua? Jibu linapatikana katika kazi yenyewe. Wakati wa kusokota na kuvuta, watu waliokosana hawana budi kushika kamba moja. Kijana anajifunza kwa mzee. Kaya isiyoleta kamba inajulikana, na kaya iliyoleta inahesabiwa kuwa ya jamii. Mwaka 2013 shirika la UNESCO liliandika ujuzi na desturi za daraja hili katika orodha ya urithi wa binadamu wote. Na walichoandika ni ile kazi ya kila mwaka.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kazi haikufanyika. Mwaka mmoja tu uliruka. Mwezi wa Machi 2021 daraja likaanguka. Desturi ya mamia ya miaka, na mwaka mmoja wa kutokutana ukatosha kuiangusha. Lakini mwezi wa Juni 2021 jamii zilirudi, zikasokota, zikavuta, na daraja likasimama tena. Waliweza kwa sababu nyasi zilikuwepo na ujuzi ulikuwa bado mikononi mwao.

6. Waliohama wa Ayacucho

Kuna mkoa mwingine wa Quechua nchini Peru, Ayacucho. Huko mwaka 1980 kikundi cha Sendero Luminoso kilianzisha vita dhidi ya serikali. Wakulima wakakamatwa katikati. Usiku walikuja waasi, mchana walikuja askari, na kila upande uliwaita wasaliti. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia makwao. Wengi walifika pembezoni mwa Lima, wakajenga vibanda mchangani, wakachekwa kwa sababu ya lugha na mavazi yao. Huko Lima mama wa vitongoji vya maskini walianzisha majiko ya pamoja ili watoto wapate kula.

Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitoa ripoti yake tarehe 28 Agosti 2003. Ilikadiria kwamba watu zaidi ya 69,000 walikufa au walipotea, na kwamba katika kila wahanga wanne, watatu walikuwa watu wa Quechua au wa lugha nyingine za wenyeji. Taifa lilikuwa limepoteza watu wengi hivyo, na wengi mjini hawakujua, maana waliokufa hawakusema Kihispania.

Mwaka 1983, mama wa Ayacucho ambao watoto wao walikuwa wamechukuliwa waliunda chama kiitwacho ANFASEP. Mmoja wao alikuwa Angélica Mendoza, mama wa lugha ya Quechua, aliyemtafuta mwanawe mpaka mwisho wa maisha yake. Mama hao walifungua jiko la watoto yatima. Walibeba majina ya waliopotea kutoka ofisi hadi ofisi. Mwezi wa Agosti 2017 mahakama iliwahukumu maofisa wa jeshi kwa mateso na mauaji yaliyofanyika katika kambi moja ya Ayacucho, na mwezi huohuo Mama Angélica akafariki. Alikuwa amengoja miaka 34. Sheria ya kuwalinda waliohama ilipitishwa Peru mwaka 2004, na ya fidia kwa wahanga mwaka 2005. Zilichelewa sana, lakini zilipokuja, zilihitaji majina, tarehe na mahali. Aliyekuwa ameandika alikuwa na kitu mkononi.

Kwa hiyo nawaomba, familia zilizohama, andikeni. Andikeni jina la kijiji chenu, mipaka ya shamba lenu, majina ya majirani wa shamba, majina ya waliokufa. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wa shule. Msingoje sheria ije ndipo mkumbuke. Na daftari hilo mlifiche vizuri, maana mnajua nyakati tunazoishi.

7. Turudi kwenye kilalo chetu

Ndugu zangu, sisemi kwamba kilalo kitamaliza vita. Walioshika bunduki hawatazitupa kwa sababu sisi tumefunga miti juu ya kijito. Wala sisemi kwamba mashirika na serikali wasifanye wajibu wao. Mradi ule nitaendelea kuufuatilia, na kila mwisho wa mwezi nitarudi hapa kuwaambia ulipofika, hata kama jibu ni hapana.

Lakini kuna mambo tunayoyaweza sasa. Wenyeji, mnayo miti na mnaijua njia ya maji. Waliohama, kati yenu wamo maseremala, wajenzi, na vijana wenye nguvu ambao kutwa nzima wameketi. Shefu ameniambia kwamba yuko tayari kutoa miti mitatu mikubwa. Kamati ya waliohama imeniambia jana kwamba inaweza kutoa watu kumi kila siku ya kazi. Pande zote mbili ziliniambia mimi, faraghani. Sasa nayasema mbele ya wote, kwa ruhusa yao, ili pasiwe na mtu wa kuyabeba kwa mwingine.

Pendekezo langu ni hili: kila kaya, ya mwenyeji na ya aliyehama, ilete kamba moja. Iwe ya katani, iwe ya mgomba, iwe fupi. Asiye na kamba alete jiwe la kuzibia ukingo. Timu moja ianzie ng'ambo hii na nyingine ng'ambo ile, zikiwa zimechanganywa. Na tukubaliane siku moja katika mwaka, kabla ya mvua, ya kukikagua na kukitengeneza upya, hata kama bado ni kizima.

Siku moja, Mungu akipenda, wengi wenu mtarudi makwenu. Mtakapoondoka, watoto wa hapa watapita juu ya kilalo hicho wakienda shule, na mtu atawaambia: "Mti huu ulifungwa na baba fulani kutoka kule, alipokaa nasi." Nawaombea jina lenu likae hapa namna hiyo.

 Shefu, mwenyekiti wa kamati, sasa neno ni lenu.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Ni desturi gani ya mababu zetu inayotukutanisha na majirani? Ni ipi inayotutenganisha?
2. Katika kijiji chetu, ni kazi gani imesimama kwa sababu kila upande unamngoja mwingine?
3. Watoto wetu watajuaje majina ya vijiji tulivyoviacha?